Damu Chini ya Mafuta

Inspekta Veneranda alipofika Kigwa asubuhi ile ya Jumamosi, maiti ilikuwa imeshaondolewa relini na kulazwa juu ya turubai nyuma ya karakana. Fundi alikuwa anaipaka rangi sehemu ya mbele ya kichwa cha treni.

"Nani amekwambia upake?"

Fundi akamtazama bosi wake. Octavian, mwenye karakana, akasogea akinyoosha shati lake.

"Mimi, Afande. Wageni wanakuja saa sita kuona majaribio. Nisingeweza kuwaonyesha mashine yenye damu."

Nzi walikuwa wamenasa kwenye rangi ya njano iliyokuwa bado mbichi. Veneranda alikuwa ameona maiti nyingi katika kazi yake, lakini hakuwahi kuona damu ya mtu ikifunikwa rangi kama doa la ukutani.

"Hiyo brashi weka chini," alimwambia fundi. "Hakuna anayegusa kitu tena."

Kichwa chenyewe cha treni kilikuwa kidogo, cha dizeli, kilichokusudiwa kuvuta magogo ndani ya kiwanda cha mbao huko Usinge, ambako watu bado waliyabeba mabegani kama wapagazi wa misafara ya zamani. Wahandisi wawili walikuwa wamekihangaikia kwa miaka. Mmoja, Gervasi Nsengiyumva wa Ulyankulu, ndiye aliyelala pale juu ya turubai, kifua kimepondwa. Mwenzake, Eustace, alikuwa amekaa juu ya gogo, analia ndani ya leso.

"Pole, Mhandisi. Nieleze ulichokiona."

"Nilikuwa mlangoni mwa ofisi, Afande. Benjamini, dereva wetu, alikuwa ndani ya kichwa. Injini ikanguruma, mara kikaruka mbele. Gervasi alikuwa mwisho wa reli, kikambana kwenye kizuizi. Nilipiga kelele, wapi!" Akajifuta macho. "Benjamini mlevi. Nilisema siku nyingi."

Benjamini alikuwa ameshafungwa kamba kwenye nguzo. Alinuka gongo kweli, na midomo ilikuwa imevimba kwa kipigo.

"Jana nilikunywa, sikatai," alisema. "Lakini leo sijapanda kile kichwa. Nilikuwa getini nakunywa uji. Nikasikia mayowe, nikakimbia. Kufika, Eustace ananinyooshea kidole, wenzangu wananirukia."

Veneranda akaenda getini kwa Josepha, mama muuza uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unamuulizia Benjamini? Alikuwa kwenye benchi hili hili. Kikombe chake ndicho hicho, hakukimaliza."

"Injini ilinguruma saa ngapi?"

Josepha akashangaa. "Injini gani? Mimi nilisikia kishindo, pu! Halafu mtu akalia mara moja tu."

Basi kati ya Josepha na Eustace, mmoja alikuwa mwongo. Josepha hakuwa na sababu ya kudanganya, lakini neno la muuza uji mbele ya hakimu lingepeperushwa kama makapi. Veneranda akarudi ndani, na alichokikuta kilimfanya apaze sauti. Octavian na mafundi wawili walikuwa wamelishika karai kubwa la mafuta, tayari kuyamimina ndani ya mashine.

"Nimesema hakuna kugusa!"

"Ni mafuta tu, Afande," Octavian akalalamika. "Bila haya mashine haiendi, na wageni wako njiani. Na huyo marehemu, Mungu anisamehe, ni mkimbizi wa makambini tu. Ndugu zake hawatasumbua."

Veneranda akamgeukia Eustace.

"Mhandisi, haya mafuta yanafanya kazi gani?"

Hata katika msiba, Eustace aliyaona maswali ya mashine kuwa sifa. Akakaa sawa. "Hapa hakuna gia za kugongana, Afande. Injini inazungusha mapanga kama ya feni, mapanga yanasukuma mafuta, mafuta yanazungusha mapanga mengine yanayoendesha magurudumu. Ndiyo ustadi wetu."

"Na yakiwa yametolewa?"

"Injini itanguruma hadi Yesu arudi. Hakisogei."

Macho yake yakaenda kwenye karai.

"Karai lilikuwa wapi?" Veneranda akawauliza mafundi.

"Mwisho wa reli, karibu na marehemu," mmoja akajibu. "Lilikuwa na mafuta haya haya; tulilisogeza tu tulipoosha sakafu."

Veneranda akavaa glavu, akazamisha mkono karaini hadi kwenye kiwiko, akakwangua chini. Alipoutoa, kiganja kilijaa mabonge mazito, mekundu yaliyokolea weusi, na ndani yake jino.

"Damu ni nzito kuliko mafuta, huzama," alisema. "Gervasi alikufa mafuta yakiwa tayari humu karaini. Kwa hiyo injini haikukisogeza kichwa. Kiliteremka chenyewe kwenye huu mwinamo, baada ya mtu kung'oa kabari iliyozuia gurudumu. Benjamini alikuwa getini. Wewe, Mhandisi, kwa kinywa chako, ulikuwa hapa. Kwa nini Gervasi alikuwa anatoa mafuta siku ya majaribio?"

Eustace akaikunja leso vizuri, akaitia mfukoni. Macho yalikuwa makavu.

"Aliona vumbi la chuma ndani ya mafuta. Mapanga niliyoyasubu mimi kwa chuma cha kuyeyusha yalikuwa na ufa. Akasema ataahirisha, atawaambia wageni sababu. Nilimsihi: tuonyeshe leo, tutarekebisha baadaye. Akasema, 'Mashine ikishindwa mteremkoni na magogo nyuma, nani atakwenda kuwaambia wake wa watu wa Usinge?' Halafu akanipa mgongo, akainama kuliweka chini karai lenye mafuta mwisho wa reli. Kabari ilikuwa karibu na mguu wangu."

"Ukaipiga teke."

"Hakujua hata kuwa ni mimi," alisema, kana kwamba hiyo ni heri.

Askari aliyekuja na Veneranda akamfunga pingu. Octavian akakohoa kidogo.

"Afande, sasa mkosaji amepatikana. Mapanga mengine yapo ghalani. Nikiwaomba wageni waje Jumatatu, itakuwa na shida?"

Veneranda akamgeukia askari.

"Lete pingu nyingine," alimwambia. "Huyu ameosha ushahidi na kuupaka rangi."

Akamfungua Benjamini kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akaenda nyuma ya karakana. Akanawa, akaufunika vizuri uso wa Gervasi kwa pindo la turubai, akapanda gari kwenda Ulyankulu. Mke wa Gervasi, Esperansi, alikuwa bado hajui.