Wewe Uliyekaa Mbele Yangu

Siku Shadia alipokutana na Hamdani, aliyeanza mazungumzo hakuwa yeyote kati yao. Kilikuwa kikapu.

Ilikuwa sokoni Mwanga, mjini Kigoma, jua limeshapanda, wauza nyanya wanapigizana kelele na spika ya muuza dawa za panya. Shadia alivaa dera la kijani lenye maua ya njano, mtandio mweupe, na ndala mpya zilizokuwa zikimchubua kidole. Kikapuni alikuwa na laptop iliyofungwa kwenye kanga, na pembeni yake vitunguu, ili mama yake akiuliza apate cha kuonyesha. Alikuwa ameshapita mbele ya mafundi kadhaa bila kuthubutu kuingia kwa yeyote. Angewaambia nini? Kwamba laptop ya marehemu kaka yake inaongea?

Akasimama kupumzisha mguu kwenye kivuli cha kibanda kimoja. Ndani, kijana mwenye shati la bluu lililopigwa pasi vizuri alikuwa amejikunja kitini kama kamba iliyotupwa, anachokonoa simu.

"Kaa vizuri," kikapu kikasema.

Kijana akanyooka papo hapo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akamtazama Shadia.

"Dada, nimekaa hivi tangu asubuhi hakuna aliyelalamika. Leo naamrishwa na vitunguu?"

Shadia hakucheka. "Na wewe umesikia?"

"Nimesikia. Sauti ya mwanaume."

Machozi yakamtoka bila kutaka. Kwa muda mrefu alikuwa akidhani ni nyumba yao tu iliyoanza kurukwa na akili, na sasa mtu baki, tena mwenye masikio makubwa, alikuwa amesikia. Hamdani akamsogezea kiti, akafuta vumbi kwa kiganja, akamwomba afungue kanga.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Asumani, kaka yake mkubwa, ndiye aliyekuwa baba wa nyumba yao kule Ujiji tangu baba alipofariki. Mwaka jana boti ilipinduka njiani kwenda Kagunga, na ziwa halikumrudisha. Wakasoma hitima bila kaburi. Laptop yake ikabaki mezani chumbani kwake, kioo kimekufa, kitufe cha kuwashia hakibonyezeki. Nyuma ya ukuta wa chumba hicho ndipo lilipo tanuri la mama yao, Mama Dunia, anapokausha samaki aina ya migebuka kwa moshi ili akauze.

Adhuhuri moja, migebuka ipo motoni, sauti ya Asumani ikatoka chumbani: "Bismillahi." Basi. Kimya mpaka kesho yake. Na kesho yake, migebuka ilipoanza kunukia, ikasema tena, maneno mengine. Mama akaamua kwamba mwanawe anakuja kwa harufu ya migebuka, maana aliipenda mno akiwa hai. Akakataza mtu yeyote kuinua kile kifuniko, wasije wakamkera. Kila asubuhi alichomeka chaja kabla hata ya kuchemsha chai.

"Lakini kuna kitu kimoja kinaninyima usingizi," Shadia alisema kwa sauti ya chini. "Kaka Asumani alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Jina langu tu lilimchukua dakika. Hiyo sauti ni yake, naijua, ila haigugumii hata kidogo."

Hamdani akainamia laptop asionekane uso. Kifuniko hakikufungika; kilikuwa kimeachama upana wa kidole, na tumbo lake la chini limevimba kama maandazi.

"Huyu mgonjwa namfahamu," akasema. "Ni betri. Kampuni yenyewe ilitangaza toleo hili lote lirudishwe kwao."

"Lirudishwe wapi?"

"Ng'ambo. Kigoma hawajui hata kama ipo." Akacheka bila furaha. "Sisi tunaletewa za mitumba, tangazo linabaki hukohuko. Ikipata joto betri inavimba, inainua kifuniko. Kifuniko kikiinuka mashine inaamka, inaendelea na ilichokuwa ikicheza, pale ilipoishia. Ikizidi joto inazimika."

Shadia akafikiria. "Kwa hiyo si yeye."

"Sijasema hivyo. Nimesema kuhusu betri." Kisha akaacha utani. "Shadia, hii ikipasuka inachoma nyumba. Isichomekwe tena. Naomba."

"Itoe basi, utuchukulie sauti yake yote."

"Ingekuwa zile za zamani, ningefungua skrubu, nachomoa diski, namaliza kabla hujanywa soda. Siku hizi diski wameichomelea kwenye ubao, ubao wameugandisha kwa gundi, na betri ikitoka haiwaki kabisa hata kwa chaja. Wanatengeneza vitu kama vile hawataki vipone."

Shadia akafunga kanga yake. Mama hawezi kukubali, alisema. Lakini namba ya simu aliiacha.

Jioni simu ikalia. "Vitunguu vimefika salama?"

"Vimefika. Vinakusalimia, vinauliza kama umekaa vizuri."

"Viambie mgongo umenyooka mpaka mama mwenye nyumba kaniuliza nina nini."

Simu zikawa za kila siku. Hamdani alikuwa mtoto wa Kasulu, aliyekuja mjini kujifunza ufundi kwa mjomba akasahau kurudi. Alikuwa na maneno mengi na moyo laini. Shadia alimsimulia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Alimwambia jinsi Asumani alivyokuwa akijitania: "Baba hayupo, mimi ndiye nitakayekuoza, dada. Watu watakaa msikitini mpaka magharibi wakinisubiri nimalize neno moja." Alicheka akisimulia, kisha akalia, na Hamdani akabaki kwenye simu bila kusema kitu mpaka akanyamaza. Siku hiyo ndipo Shadia alipojua kwamba anampenda.

Hamdani akaenda Ujiji kujaribu kumwelewesha mama mwenyewe. Alivaa kanzu, akanunua sukari na majani ya chai. Mama Dunia, mwanamke mfupi mwenye macho mekundu ya moshi, aliitikia shikamoo yake, akamkalisha kwenye kiti kilichoelekea ile meza.

"Mama, hii kitu ni hatari," Hamdani alianza. Nje migebuka ilikuwa motoni. Chumba kilikuwa cha moto na kimejaa moshi. Alikuwa akisema huku ameinamisha macho, kwa heshima, au kwa sababu miguu ya Shadia yenye hina ilikuwa pale karibu.

Kifuniko kikainuka taratibu, bila mkono wa mtu.

"Nitazame mimi," sauti ikasema. "Usitazame chini."

Hamdani akainua macho. Hakuwa na la kufanya ila kutazama kile kioo cheusi, na ndani yake akaona kivuli cha uso wake mwenyewe. Kifuniko kikashuka polepole.

"Amekuona," Mama Dunia alisema kwa furaha. "Hajawahi kusema hivyo kwa mtu."

"Mama, betri..."

"Huko aliko kapona ulimi wake, na wewe unaniletea habari za betri? Kunywa chai, baba."

Kesho yake adhuhuri ilisema, "Wewe uliyekaa mbele yangu." Mama aliyekuwa amekaa mbele yake aliitika, "Naam, mwanangu." Na Shadia alipoigusa meza, aliona mbao chini ya laptop imebabuka, nyeusi. Hapo akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa sauti. Mama alipokwenda msibani kwa jirani, aliifunga kwenye kanga akaikimbiza Mwanga.

"Nakupa kaka yangu," alimwambia Hamdani. "Niahidi hutaifungua nisipokuwepo. Ikisema, nataka niwepo."

"Naahidi, mpenzi." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na wote wawili walijifanya hawakusikia.

Siku iliyofuata mama akamtuma Shadia Kibirizi kuchukua samaki boti zinaposhusha mizigo, na simu ikamzimikia huko. Aliporudi kwa kupitia Mwanga, ndoo ya samaki mkononi, alikuta laptop mezani imepasuliwa, na betri iko nje, imetoboka, imefukiwa kwenye ndoo ya mchanga. Hamdani alikuwa na bandeji kwenye vidole.

"Imesema nini?" Shadia aliuliza.

"Sikiliza kwanza, Shadia. Ilianza kufoka kama chatu, moshi ukatoka..."

"Imesema nini, Hamdani?"

"Imesema 'Ewe.' Neno hilo tu. Ikakatika."

"Ewe nani?"

"Sijui."

"Alikuwa anamwita mtu! Wiki zote hizi alikuwa anakuja polepole kulisema, na wewe umemkata kauli! Uliniahidi!" Watu walianza kugeuka. "Ziwa lilimchukua mara moja. Wewe umemchukua mara ya pili."

"Ingechoma kibanda. Ingeniua."

"Ungenipigia."

"Nilikupigia, ikawa haipatikani!"

Hakusikiliza. Alibeba ndoo yake akaondoka huku analia njia nzima, na jioni ile akaizuia namba yake. Ukweli ni kwamba alijua Hamdani hakuwa na kosa. Ila uchungu ulihitaji mtu wa kumtupia, na aliyekuwa karibu ni yule aliyempenda.

Nyumbani mama hakumfokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kila adhuhuri Mama Dunia aliweka migebuka motoni, akaingia kukaa mbele ya meza tupu yenye doa jeusi. Shadia aliyaona mazishi ambayo hawakuwahi kuyafanya. Akaanza kukonda. Usiku alimsema Hamdani moyoni, na mchana akikuta shati la bluu mtaani moyo unamruka.

Kisha adhuhuri moja mama alitoka chumbani, kanga imemdondoka begani. "Kaniita," alisema. "Ameniambia mgeni anakuja, niongeze samaki."

"Mama, laptop haipo humu."

"Najua haipo."

Hodi ikapigwa wakati huohuo. Hamdani alikuwa mlangoni, amekonda na yeye, amekumbatia boksi. Ndani ya boksi kulikuwa na ubao wa laptop ya Asumani peke yake, bila kifuniko wala kioo, umeungwa kwa nyaya na spika na betri nzima ya mashine nyingine.

"Sikuja kujitetea," alimwambia Shadia. "Nimetafuta laptop mbovu za toleo hili mji mzima, nikazichinja mpaka nikapata vifaa. Imewaka jana. Sijasikiliza. Niliahidi uwepo, na safari hii utakuwepo."

Shadia alitaka kusema mengi. Alichosema ni, "Vidole vyako vimepona?"

"Vimepona."

"Ingia basi. Mbona unasimama kama mdai?"

Waliingia chumbani kwa Asumani. Hamdani akakaa kwenye kiti kilekile, akaweka boksi mezani, akaunganisha waya wa betri. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Na safari hii sauti haikuja vipande vipande, ilikuja yote, ikianzia mwanzo.

"Bismillahi. Kaa vizuri. Nitazame mimi, usitazame chini. Wewe uliyekaa mbele yangu."

Ilikuwa taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Shadia akaelewa yote kwa mpigo. Kaka yake alikuwa akifanya mazoezi, amejifungia humu na kigugumizi chake, akirudia na kurudia mpaka ulimi ukanyooka, ili siku ya kumwoza dada yake asimtie aibu mbele ya watu. Akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Ewe..." Asumani alisema. Kisha kimya. Aliacha nafasi ya jina, kwa kuwa wakati ule hakukuwa na mtu wa kulijaza.

"Hamdani," alisema Hamdani. Lilimtoka lenyewe.

"...nimekuoza dada yangu Shadia kwa mahari mliyopatana."

Kimya kingine kirefu, ile nafasi ya bwana harusi kujibu. Moshi ulikuwa ukipita juu ya meza. Hamdani alimtazama Mama Dunia, aliyekuwa ametulia tuli. Akamtazama Shadia, akaona macho yake yanamsubiri.

"Nimekubali," Hamdani alisema.

"Nimesikia," ikajibu sauti.

Mama Dunia ndiye aliyezinduka kwanza. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Hiyo si ndoa, msinichezee. Hayo ni mazoezi. Mashahidi wako wapi? Baba yako mdogo apigiwe simu, aje yeye aozeshe." Akageuka kwa Hamdani. "Na wazee wako wa Kasulu waje na adabu zao, wasije mikono mitupu."

"Watakuja, mama." Hamdani akamgeukia Shadia. "Na wewe? Wamenijibu wote isipokuwa mwenyewe."

"Mimi nilikubali siku ile ya vitunguu," Shadia alisema, akilia na kucheka, "mjinga wewe."

Hamdani akacheka. Akanyoosha mkono, akachomoa waya. Ile taa ya kijani ikazimika, na akaanza kuuviringisha waya mkononi kama fundi yeyote aliyemaliza kazi.

"Shadia," sauti ikasema, "funga mlango. Moshi wa mama unaingia."

Hamdani alitazama waya uliokuwa mkononi mwake. Shadia akageuza kichwa, akaona mlango uko wazi kweli, na moshi unaingia. Akainuka, kama alivyozoea kuinuka siku zote kaka yake alipomtuma, akaenda kuufunga.