Kabula Apeleka Kuku kwa Mshauri

Kila asubuhi Kabula, binti wa Mzee Masele, alimsaidia mama yake kukamua ng'ombe, akanawa, akavaa sare na kushika njia ya shule kando ya majaruba ya mpunga ya kijiji cha Majimoto. Zamani alikuwa mwongeaji hasa, njia nzima kicheko na hadithi. Lakini tangu masika ya mwaka ule wa 1996, mambo yaligeuka. Mwalimu wa darasa la sita akimwita ubaoni, Kabula alisimama tu akitazama chaki, asiweze kutamka hata neno moja.

Habari zikamfikia baba yake. "Kama shuleni hasemi kitu, anafuata nini huko?" Mzee Masele alimwambia mkewe. "Mpunga ukishavunwa, abaki nyumbani." Kabula alikuwa nje akiosha vibuyu vya maziwa, akasikia kila neno. Machozi yalimtoka, maana shule aliipenda kuliko kitu chochote.

Mwalimu mkuu akamwambia aende kwa Sista Getrude, mtawa aliyesomea ushauri nasaha. Basi Kabula akajiandaa kama watu wa kwao Wasukuma wanavyojiandaa wakienda kwa mganga: akabeba kuku. Kwa mganga, mgonjwa hasemi anachoumwa. Mganga humpasua kuku, akamkagua ndani, kisha yeye ndiye humwambia mgonjwa kinachomsumbua.

Kabula aliamkia, akamweka kuku mezani, akakaa kimya akisubiri kuambiwa. Sista naye akakaa kimya akisubiri kusikia. Jamani! Aliyeongea chumbani humo alikuwa kuku peke yake.

"Huyu ni wa nini, mwanangu?" Sista aliuliza hatimaye.

"Wa kupasua, Sista," Kabula alinong'ona. "Uone kinachonisumbua."

Sista hakumcheka. "Mimi siwezi kuona moyoni mwa mtu. Unayejua ni wewe, na utaniambia ukiwa tayari. Tutaonana mara nne tu. Sitakupa dawa, wala sitakugombeza. Utakayosema yatabaki hapa. Ila nikiona uko hatarini nitatafuta msaada, na nitakuambia kwanza. Siku nyingine utatoka hapa umechoka, hata kulia utalia. Ni kawaida. Haya, unataka nini kibadilike?"

Lo! Tangu azaliwe, Kabula hakuwahi kuulizwa na mtu mzima anataka nini. Alimkodolea Sista macho, kisha akasema polepole, "Nataka kusema tena darasani."

Siku ya pili alilia kweli, na akasema yote. Wakati wa masika alikuwa machungani peke yake. Ng'ombe wao mwekundu akashikwa na uchungu, ndama akakwama. Kabula akakimbia kumwita baba. Waliporudi, ng'ombe na ndama wote walikuwa wamekufa. Baba alitazama, akageuka, akaondoka bila neno, na hakuwahi kulitaja jambo hilo tena.

"Mimi ndiye niliyemuua, Sista. Ningebaki, ningemvuta ndama."

Alipomaliza, alijigusa kifua kwa mshangao. Hakunywa dawa yoyote, hakupakwa kitu, lakini pumzi ilikuwa ikishuka vizuri hadi tumboni. Aliwezaje kupata nafuu kwa kusema tu?

"Kama ndama angevutika, mimi sijui," Sista alisema. "Anayejua ni Bi Theopista, daktari wa mifugo. Ungependa kufuatana naye kazini?"

"Mwanamke anatibu ng'ombe?"

"Tena mtoto wa wakulima wa mpunga wa hapa hapa. Kamwulize alianzaje."

Wazazi wakakubali, na Jumamosi Kabula akaanza kumbebea Bi Theopista ndoo na sabuni. "Usinitazame tu kama sinema, uliza!" Bi Theopista alimwambia. Kabula akauliza. Akaelezwa kuhusu masomo ya sayansi, sekondari na chuo, na kwamba anayeonea kinyaa samadi atafute kazi nyingine.

Jumamosi moja Mzee Masele mwenyewe alifika na baiskeli, jasho likimtiririka. Ng'ombe wake mwingine alishindwa kuzaa. Wakaenda mbio. Bi Theopista alihangaika zizini mpaka mkono ukafa ganzi.

"Kabula, paka sabuni hadi begani. Ingiza mkono, uniambie unagusa nini."

Baba alikuwa amesimama palepale. Kabula akaingiza mkono, lakini akabaki akimtazama baba.

"Sema, mwanangu," Bi Theopista alimhimiza. " Nisipojua alivyolala, siwezi kumsaidia."

"Pua," Kabula alisema kwa shida. "Mguu mmoja. Wa pili... wa pili umekunjwa nyuma!" Zizi zima lilimsikia.

Bi Theopista akaingiza mkono wake mwingine, akaunyoosha ule mguu. "Vuteni anaposukuma!" Wakavuta. Mara ndama akateleza nje, amelowa, akapiga chafya na kutikisa masikio. Kabula alipiga magoti kwenye samadi, mdomo wazi. Maisha mapya yalikuwa yakipumua mbele yake!

"Na yule ng'ombe wetu mwekundu, aliyekufa ndama amekwama nilipokimbia kumwita baba?" aliuliza.

"Kama ndama wake alilala hivi, ungevuta hadi jioni asingetoka. Ulifanya vizuri kukimbilia msaada."

Mzee Masele akavua kofia, akachuchumaa karibu na binti yake. "Ng'wanone, mwanangu, ulidhani nimekukasirikia?"

"Hukusema kitu, Baba."

"Nilikuonea huruma, mwanangu. Nikaona nikilitaja nitakuliza. Kumbe kunyamaza kwangu ndiko kulikokuumiza." Akamshika bega. "Kuanzia leo, jambo likikulemea usikae nalo peke yako. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Hata kama aliyekuumiza ni mimi, niambie, nitasikiliza. Na shule hutaacha."

Kisha akamgeukia Bi Theopista. "Hiyo kazi yako, daktari, mtu anaisomea vipi?"

Kabla Bi Theopista hajafungua mdomo, Kabula alikuwa ameshaanza kumjibu baba yake, somo baada ya somo, mpaka mama akatoka jikoni kuja kusikiliza.