Chetezo Kisichozimika

Asubuhi ile ofisi ilinuka udi, na hakuna aliyekuwa amechoma udi.

"Dada Fairuz, ni wewe?" Protas aliuliza, akinusanusa.

"Mimi? Hata chai sijanywa."

Ofisi yao ilikuwa juu ya karakana moja mtaa wa Al Quoz, huko Uarabuni, chumba kisicho na dirisha. Humo walitengeneza mapambo ya skrini za kompyuta, pamoja na kile kidude kinachozunguka kwenye skrini pale mashine inapokuambia ngoja. Safari hii pambo lilikuwa la majlisi: mito, mazulia, mabirika ya kahawa. Fairuz, binti wa Mombasa, akaona kiduara cha kawaida hakitapendeza hapo, akachora chetezo kidogo kinachofuka. Moshi aliupiga picha kwa udi wa kweli, kisha akaondoa kipande ambapo kaa lilizimika, akaunga mwisho na mwanzo, ili moshi uzidi kupanda, usikome.

Protas, Mtanzania mpole, ndiye aliyeujaribu kutwa, siku baada ya siku. Akaanza kunyauka. Alihema kama mbeba zege, naye kaketi tu kitini. Na nyuma ya kuhema kwake kukasikika kuhema kwingine, kuzito, kukivuta pumzi kila moshi uliporudi mwanzo, hadi adhuhuri moja, taa zote zikiwaka, kichwa kikamwangukia kifuani na kinywa chake kikatoa sauti isiyo yake, kavu, kongwe, iliyochoka kuliko wote mle ndani:

"Nimekuja. Nimekuja tena. Semeni basi mnataka nini."

Fairuz alimkimbilia Bi Amna, mganga wa Unguja aliyepanga chumba mtaa wa Karama.

"Mmemwita kwa haja gani?"

"Hatukumwita, bibi. Ni picha tu ya chetezo."

"Tu! Chetezo huwashwa kwa nia, mwanangu. Jini ni mgeni: akija huambiwa haja, kisha hupewa ruhusa ya kuondoka, kaa likazimwa. Wewe unamwita, humwambii kitu, humruhusu, unamwita tena. Hata punda hatendwi hivyo! Kachore kaa likizimika, umtake radhi. La sivyo atapumzikia ndani ya huyo kijana, wala hatatoka."

Fairuz akarudi, akachora. Kaa likafifia, moshi ukakatika.

"Tuwie radhi," alinong'ona. "Hatuna haja. Nenda kapumzike."

Kitu kikashuka mabegani mwa Protas, kiti kikalia. Akafumbua macho, akaomba maji.

Ndipo akaingia Sir Nassor, tajiri wao, Mzanzibari mwenye kufungia paspoti za watu kabatini na kuwaita wanawe.

"Nani kakwambia moshi ukome? Mteja atadhani mashine imekufa. Rejesha!"

"Sir, mtu anaumia; tunamwita jini bila haja. Nawe mtu wa Unguja, chetezo unakijua."

"Khalas, basi! Anataka haja? Ataipata." Akaketi mwenyewe, akaurejesha moshi wa kwanza, akaiinamia skrini akicheka. "Ewe jini, haja yangu kazi. Asiinuke mtu humu mpaka niridhike."

Moshi ukapanda. Kicheko kikakatika katikati. Protas akajaribu kusimama, mapaja yakakataa. Na Fairuz, aliyekuwa keshaugusa mlango, akahisi magoti yake yakimrudisha nyuma, hatua kwa hatua, bila kumuuliza, mpaka kiti kikampokea na mkono wake ukashika kipanya.

Sir Nassor akawageukia, macho yakiomba msaada. Lakini sauti iliyotoka kooni mwake ilikuwa ile kongwe, na sasa haikuwa na uchovu hata chembe.

"Bado sijaridhika," ikasema.