Mshale Usiotulia

Rafiki yangu Verna Stoltz ana bucha kule Ohio, na kisa hiki alinisimulia akiwa bado amefura kwa hasira. Wiki ya Sikukuu ya Shukrani, wateja walimrudishia nyama wakidai wamepunjwa. Verna, ambaye hajawahi kumpunja mtu, akamgeukia mdogo wake, Dwight.

"Unabonyeza mizani kwa kidole, mshenzi we!"

"Dada, naapa sijaigusa!"

"Za mwizi arobaini. Simama pale mlangoni, mikono juu!"

Mara dhoruba ya theluji ikakata umeme. Verna hakujali, mizani ile ya marehemu baba yao ilikuwa ya springi na mshale. Akawasha tochi, akabwaga sahanini bata mzinga aliyeganda kama jiwe. Springi ikalia, na pistoni ya mafuta inayotuliza mshale ikatoa sauti yake ya siku zote: fyuuu.

Kila mwenye bucha anajua kwamba ukipima nyama, mshale hutulia. Ukipima kuku mzima, anayepumua, ndipo hutikisika. Mshale ule ulipanda, ukashuka, ukapanda tena.

"Acha, Dwight!"

"Niache nini? Mimi niko huku!"

Verna akammulika. Mikono yake ilikuwa juu.

Akatukana, akamnyakua yule bata na kumtupa sakafuni. Gizani pistoni ikaendelea: fyuuu... fyuuu... Akageuza tochi. Sahani ilikuwa tupu, na mshale ulikuwa ukipanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.