Jenerali Kasema Nimsubiri

"Ningu wangu, usikubali wakupokelee ng'ombe. Nisubiri. Vita ikiisha nakuja kukuchukua."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Jenerali wa Kithai kwenye tivii, kavaa deraya ya dhahabu na upanga mrefu kiunoni, kapiga goti mbele ya binti wa mfalme, halafu anamwita ningu, samaki wa ziwani! Mama mmoja aliyekuwa anasukwa alicheka mpaka kichwa kikamponyoka msusi.

"Huyu DJ wa Bunda ni kichaa jamani. Huko Thailand kuna ningu?"

"Hata hapa Musoma penyewe ningu humwoni siku hizi. Ziwa lote sangara na dagaa."

Msusi peke yake hakucheka. Gaudensia alibaki ameshika rasta mkononi, macho kwenye tivii. Alimaliza kile kichwa hivyo hivyo, mistari imepinda, na mteja alipotoka akamgeukia Najat, mwenye saluni.

"Dada Najat, umesikia?"

"Nimesikia mwanaume anadanganya mtoto wa watu."

"Sio jenerali yule. Ni Nassibu. Ananiambia mimi."

Najat akapunguza sauti ya tivii. Kwa asiyemjua, Nassibu ndiye DJ mwenyewe, kijana anayetafsiri tamthilia za nje kwa sauti yake moja: yeye ndiye jenerali, yeye mfalme, yeye mama mkwe, na farasi akikoroma ni yeye pia. Kithai hajui hata salamu. Anasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, pakimshinda anatunga ya kwake, na watu wa Musoma na Bunda wanampendea hayo ya kutunga. Alikuwa mchumba wa Gaudensia. Nasema alikuwa, kwa sababu tangu masika alipotea. Simu haipatikani. Siku Gaudensia alipojikaza kwenda Guta, huko Bunda, alikokuwa amepanga, alikuta mpangaji mwingine mlangoni. Akarudi Kamunyonge, mtaani kwake Musoma, na kiburi chake, akaapa hatamuulizia tena kwa mtu.

"Ningu ni jina langu, dada. Alikuwaga ananiita hivyo tukiwa wawili tu. Anasema mimi ni adimu."

"Gaude, mdogo wangu..."

"Na ng'ombe je? Wale Wathai wanatoa dhahabu na hariri, ng'ombe wametokea wapi? Amesikia akina Edwin wananiletea mahari Jumamosi! Labda simu yake iliibiwa, namba yangu hana, ndiyo maana anapitishia huku."

"Mtu akikutaka anapanda gari anakuja. Bunda sio Thailand. Unakula muwa mmoja hujaumaliza umefika. Aache kuja mwenyewe atume jenerali?"

"Wewe hujawahi kupendwa, dada Najat."

"Nimependwa, ndiyo maana nakuambia."

Lakini jamani, mtu aliyelala na kiu miezi yote ile, leo kapewa maji, utamwambia asinywe? Ijumaa duka la muvi likaachia sehemu nyingine. Jenerali kalala kwenye matope ya vita, mshale begani, anamnong'oneza farasi wake: "Mimi nikifa wewe nenda. Mwambie yule wa Kamunyonge asikate tamaa." Watu wakacheka tena, maana DJ wao ana tabia ya kuchomeka majina ya mitaa. Gaudensia alitoka nje akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa furaha. Huko huko nje simu ikaita. Mama yake, Eufrasia, anapiga kutoka Butiama.

"Gaude, kesho uwahi. Wageni wanafika mapema."

"Mama, mimi sijasema naolewa."

"Utasemea mbele ya wazee. Edwin ni mtu mzuri, mwanangu. Hanywi, hana maneno, pampu za kijiji kizima anatengeneza yeye. Marehemu baba yako angefurahi."

"Mama, Nassibu hajawahi kunitafuta kwako?"

Eufrasia akakohoa kwanza.

"Yule Mwislamu? Angenitafutia wapi mimi? Achana na mtu aliyekuacha."

Jumamosi uwanja wa nyumbani kwao Butiama ukajaa. Wazee wa upande wa Edwin wamekaa huku, wa Gaudensia wamekaa kule, ng'ombe wako nje ya zizi, hawajaingizwa. Kwa desturi yao wazee hawamgusi ng'ombe hata mmoja mpaka binti aitwe, aulizwe na aitikie kwa kinywa chake. Ni swali la heshima tu. Wanawake walikuwa wameshashika vigelegele kooni.

Baba yake mdogo, Makongoro, akasimama.

"Binti yetu, wageni hawa unawajua. Ng'ombe wao unawaona. Tuwapokee, au tuwarudishe?"

"Warudisheni, baba mdogo."

"Umesemaje?"

"Nimesema warudi nao."

Mtu mmoja aliangusha kikombe. Eufrasia alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Gaudensia! Unatuvua nguo mbele za watu!"

Edwin hakupiga kelele. Alisogea karibu, kofia mkononi, uso umemsinyaa.

"Gaude, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, Edwin. Kuna mtu ameniambia nimsubiri."

"Yuko wapi?"

"Anakuja. Na asipofika mimi namfuata."

Makongoro akatema mate chini. Alimwambia akitoka uwanjani hapo asirudi kumwamkia, na Gaudensia akatoka. Akachukua begi dogo, hakuaga mtu. Njiani kuelekea Bunda akapata ujumbe wa Edwin: "Kama huyo mtu anakuja kweli nakutakia heri. Kama haji, mimi nipo." Aliusoma akausahau. Kichwani alikuwa anapanga maneno ya kumwambia Nassibu akimwona, na kila akipanga anatabasamu peke yake kama mwehu.

Bunda mjini akaulizia, akaelekezwa mtaa wa Manyamanyama; huko hakuhangaika. Nani hamjui DJ? Wakamwelekeza nyumba yenye mlango wa bluu nyuma ya mashine ya kusaga. Akagonga. Akafungua dada mmoja mnene kidogo, mchangamfu, hina bado nyekundu mikononi.

"Karibu mpenzi. Umeleta flashi ya kuwekewa muvi?"

"Namtafuta Nassibu."

"Yuko ndani anarekodi, ngoja nimwite. Mume wangu! Una mgeni!"

Mume wangu. Gaudensia alisikia vizuri kabisa, lakini miguu ilikataa kuondoka.

"Kaa basi kwenye benchi, dada. Mimi naitwa Mwanaupe. Jua kali, nakuletea soda hapo dukani."

Mwanaupe akatoka na ndala zake. Nassibu akatokea mlangoni, vifaa vya masikioni vinaning'inia shingoni. Alipomwona mgeni wake, akarudi nyuma hatua moja.

"Gaude? Umefuata nini huku? Mumeo yuko wapi?"

"Mume gani? Nimewarudisha ng'ombe leo hii hii, mbele ya wazee wote. Si ulisema nisikubali?"

"Nilisema wapi?"

"Kwenye tamthilia, Nassi. Ningu wangu nisubiri. Wa Kamunyonge asikate tamaa."

Nassibu akakaa chini, kwenye kizingiti. Alijifuta uso kwa kiganja, akajifuta tena.

"Ile tamthilia nilirekodi yote kwa mkupuo, kabla ya masika, wakati akina Edwin ndio kwanza wameanza kuleta maneno kwenu. Mwenye duka ndiye anaiachia sehemu moja moja ili watu warudi kwake. Nilishaisahau hata kama ipo."

"Kwa hiyo hukuwa unaniambia mimi."

"Nilikuwa nakuambia wewe, Gaude. Kila neno lilikuwa lako, mbele ya Mungu. Ila lilikuwa la wakati ule."

"Na ukahama bila kuniaga."

"Nikuage uko kwa mume? Nilipiga simu yako akapokea mama yako. Akasema ng'ombe wameshaingia zizini, umeolewa, niache kuharibu ndoa ya mtu. Nikavunja laini pale pale. Sikuwa nakula, Gaude. Huyu Mwanaupe alikuwa jirani yangu, ndiye aliyenilisha kwa kijiko."

"Nilikuwa naumwa malaria! Nimelala kwa mama, sijijui, simu anayo yeye!"

"Ungekuja kuniuliza."

"Ungekuja wewe! Nilikuja Guta nikakuta umehama!"

"Ungeuliza hapo dukani. Kila mtu ananijua."

"Niliona aibu kumuulizia mwanaume aliyenikimbia."

"Na mimi niliona aibu kumfuata mke wa mtu."

Hebu ona, aibu yake huyu na aibu yake yule ndizo zilizotosha kuwamaliza. Nassibu alikuwa analia waziwazi sasa, mwanaume mzima, yeye anayetetemesha majeshi ya Kithai kwa sauti yake.

"Gaude, dini yangu inaniruhusu. Nikizungumza na Mwanaupe vizuri..."

"Usimalizie."

"Nisikilize kwanza."

"Huyo aliyeenda kuninunulia soda amenikosea nini mimi? Usimalizie hilo neno, Nassibu, nakuomba."

Mwanaupe akarudi na chupa baridi mkononi. Akamtazama mgeni, akamtazama mumewe, tabasamu likapungua.

"Jamani, mbona machozi? Kuna nini?"

Nassibu akainamisha kichwa. Gaudensia akapokea soda kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Nimefiwa, dada."

"Masikini! Pole sana. Umefiwa na nani?"

"Mchumba wangu. Amekufa siku nyingi, ila taarifa nimeipata leo."

"Mungu akutie nguvu, mpenzi wangu. Mume wangu, simama basi umpe pole mwenzako."

"Pole," alisema Nassibu, chini chini.

"Nimeshapoa," akajibu Gaudensia.

Akaiacha soda kwenye benchi bila kuinywa, akatoka. Alipofika ubavuni mwa mashine ya kusaga akaegemea ukuta. Simu ikaanza kuita. Ilikata, ikaita tena: mama yake.

"Gaude, uko wapi mwanangu?"

"Bunda."

Gaudensia hakungoja swali jingine.

"Mama, Nassibu alipiga?"

"Gaude..."

"Alipiga?"

"Alipiga."

"Ukamwambia nimeolewa."

"Niliogopa, mwanangu. Baba yako mdogo alisema ukiolewa kwa Waislamu hatakanyaga hata kwenye mazishi yangu. Nikajua utalia wiki moja, utasahau. Nilitaka uishi karibu na mimi, nikuone."

"Ameoa, mama."

"Yesu wangu."

"Ana mke mzuri. Ameninunulia soda."

Eufrasia alianza kulia. Gaudensia alimsikiliza. Kumtukana mama yake hakuweza, kumbembeleza hakuweza pia. Baadaye mama akapenga kamasi, akashusha sauti, kama mtu anayeogopa kusikika na aliye jirani.

"Gaude, Edwin yuko hapa. Wenzake wameshaondoka na ng'ombe, yeye amekaa tu nje kwenye kiti. Anauliza kama akusubiri. Nimjibuje? Nimwambie ulipandwa na hasira tu, kesho unarudi? Eh? Nimtulize kidogo, halafu tutaona..."

"Mama."

"Sema, mwanangu."

"Usimtulize. Mwambie asinisubiri. Mwambie sasa hivi, na umwambie yote, mpaka ile simu uliyopokea."

"Mwingine kama Edwin hutapata."

"Najua, mama."

Akakata. Mashine ilikuwa imewashwa, wanawake wamepanga foleni na madebe yao ya mahindi, kelele zimejaa pote. Gaudensia akakaa chini pale ukutani na kulia kwa sauti yake yote, na hakuna aliyemsikia.