Nyange na Mbegu za Bibi

Atupele anaishi na bibi yake. Nyumba yao iko mlimani, penye migomba na mvua nyingi.

Jikoni, juu ya moto, kuna dari ya fito. Hapo Bibi hutundika mahindi ya mbegu. Moshi huyakausha, na wadudu hawayagusi.

Lakini panya hawaogopi moshi. Panya wanamwogopa Nyange, paka mweupe wa Bibi.

Atupele alimpenda Nyange. Alimpenda mno. Kila jioni Bibi alipokwenda kufungia kuku, Atupele alimpa Nyange maziwa yake, kikombe kizima.

Bibi alishamkataza. Paka aliyeshiba hawindi. Atupele alijua.

Nyange akashiba. Akanenepa. Akalala kando ya jiko, korr, korr, korr.

Na huko juu, kwaru, kwaru, kwaru. Panya wanakula mbegu.

Atupele alisikia. Atupele alinyamaza.

Siku moja panya alipita mbele ya pua ya Nyange, mchana kweupe. Hata hodi hakupiga. Nyange akafumbua jicho moja. Akalifumba.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Atupele alisikia. Atupele alinyamaza.

Mvua za kupandia zikafika. Bibi akapanda ngazi kuchukua mbegu. Akateremka na magunzi matupu, na mahindi machache tu.

Bibi hakugomba. Alikaa kwenye kigoda, akalia. Atupele hakuwahi kumwona Bibi akilia.

Bibi akasema Nyange amekuwa mvivu. Atampa Mjomba Ambwene, ng'ambo ya mto, kisha atafute paka mwingine.

Asubuhi Mjomba akaja na gunia. Paka akihamishwa hutiwa guniani, asiione njia, asije akarudi.

Mjomba akatania kwamba huyu si paka, ni mto wa kulalia. Hakuna aliyecheka.

"Nyaau," Nyange alilia ndani ya gunia.

Atupele alisikia. Atupele alinyamaza.

Gunia likashuka mlimani. Likawa dogo. Likapotea.

Jioni ile maziwa yalibaki kikombeni mpaka yakapoa.

Kabla ya kulala, Bibi aliomba. Alimshukuru Mungu kwa siku ile. Akamwombea Nyange asione baridi.

Atupele alitaka kuitikia amina. Amina haikutoka.

"Bibi," akasema. "Nyange si mvivu. Mimi nilikuwa nampa maziwa yangu. Na panya niliwasikia. Nikanyamaza."

Bibi akachochea moto. Kuni zikalia, pa, pa.

"Kumbe nimemfukuza paka wa watu bure," akasema Bibi. "Na mimi nimekosa, mjukuu wangu. Nilihukumu kabla ya kuuliza. Haya, tuombe tena."

Wakaomba tena. Safari hii amina ilitoka, na machozi yakatoka nayo.

Kulipokucha wakavuka mto. Atupele alimweleza Mjomba yote, tangu kikombe cha kwanza.

Mjomba akasema Nyange hajala kitu tangu jana. Amejificha chini ya kitanda, hataki mtu.

Atupele akalala kifudifudi sakafuni. "Nyange," akaita. "Nisamehe. Twende nyumbani."

Kimya.

Kisha pua ikatokea. Kisha masharubu. Kisha Nyange mzima, amejaa vumbi.

Wakati wa kurudi hakutiwa guniani. Atupele alimpakata kifuani, kichwa nje, aione njia.

Mbegu zilizobaki zilikuwa kikapu kidogo tu. Walipanda nusu ya shamba. Nusu nyingine ilibaki tupu. Kila akipita pale, Atupele alitembea polepole.

Jioni Bibi akaenda kufungia kuku. Nyange akakiangalia kikombe. "Nyaau."

Roho ilimuuma Atupele. Akayanywa maziwa yote mwenyewe.

Akaenda kulala. Akatega sikio.

Kwaru, kwaru...

Pu.

Kisha kimya. Kimya kabisa.

Atupele alisikia.

"Amina," akasema. Akalala.