Shamba Nililomjengea Mama

Mama alinituma nikanunue token ya stima. Hiyo tu.

"Luseno, kimbia kabla giza halijaingia. Na usikae huko ukipiga domo."

Mtu mzima, digrii ya uhandisi wa kilimo, honours, anatumwa token kama mtoto wa class three. Nikaenda. Ningefanya nini? Kazi zote za nchi hii zina wenyewe, na wenyewe wana watoto.

Token hapa mtaani Mbotela tunanunua kwa cyber ya Nalianya. Ndipo nilipomkuta.

Mzee mmoja, koti refu la kijivu, gumboots. Alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya pembeni kabisa, na alinukia... udongo. Udongo uliolimwa sasa hivi, ukanyeshewa. Mbotela hakuna udongo. Kuna vumbi na kuna maji ya sewage.

"Mirembe, Luseno," alinong'ona, kwa salamu ya kwetu.

Sikuwa nimemwambia jina langu.

"Mirembe, mzee. Tunajuana?"

"Naitwa Patrobas. Wewe ulisomea mashamba. Mimi ninalo shamba. Njoo uone."

Kwenye screen kulikuwa na ile gemu ya kujenga na matofali, ile ambayo kila kitu ni mraba: miti, ng'ombe, hata jua. Watoto wote wa Eastlands wanaicheza. Uwanja mtupu, na katikati chumba kimoja cha kioo. Ndani alisimama mfanyakazi mwenye kichwa cha mraba, mikono imening'inia. Juu ya kichwa chake paliandikwa KWEYU.

"Huyo alianza, hakumaliza," mzee akasema. "Nataka shamba linalojilima. Linalojivuna. Utalipwa kila jioni."

Nilicheka. Miaka yote ya campus, mradi wa umwagiliaji uliosifiwa mpaka na external examiner, halafu shamba langu la kwanza maishani liwe la katuni! Lakini malipo ya kwanza yaliingia kwa simu kabla sijafika mlangoni. Ukitarmac kutafuta kazi kama nilivyotarmac mimi, hata shetani akikuitisha CV unamtumia PDF.

Nikajenga.

Acha nikueleze, kwa sababu ni design nzuri na hakuna mtu mwingine ameniuliza. Chumba cha kioo. Maji katikati, udongo pande zote. Mfanyakazi unamfungia ndani, mlango hamna. Anapanda ngano, ikiiva anavuna, anapanda tena. Chini ya udongo nimelaza reli, na kigari kinapita huko kikizoa mavuno mpaka kwenye sanduku. Hata ukiondoka, shamba linaendelea. Wakubwa wakisema otomatiki, wanamaanisha hivyo: mtu yuko ndani, ila wewe humwoni.

Shida ilikuwa moja. Wafanyakazi wasio na jina walikuwa wanapotea.

"Wape majina," mzee alisema. "Ya watu unaowajua. Asiyejulikana hupotea."

Basi yule mmoja aliyekuwa amebaki bila jina nikamwandika MUHONJA.

Hilo ni jina la mama. Mama aliuza kipande chake cha shamba kule Vihiga ili mimi nisome. Kwenye graduation, nikiwa na gauni la kukodi, nilimwahidi nitamrudishia. Tangu hapo anauza mboga, sukuma na mrenda, kando ya Jogoo Road, na mimi naandika application letters. Nikasema, si hili hapa? Ni la kioo, ni la mraba, lakini ni shamba. Ilikuwa joke. Yaani, nusu yake ilikuwa joke.

Mavuno yakatoka machache. Mzee hakufurahi.

"Wanalala sana."

Kweli. Kwenye gemu, jua likizama kila mfanyakazi anaenda kitandani. Na mimi ni injinia.

Nikaondoa vitanda.

Mavuno yakapanda mara mbili. Mzee akanigusa bega. Mkono wake ulikuwa baridi na unyevu, kama kiazi kilichotoka ardhini.

"Wewe," akanong'ona, "ulisoma kweli."

Na unajua nini? Nilifurahi. Hakuna ofisi nchi hii iliyowahi kuniambia hivyo.

Kisha mama akaanza kusinzia kibandani.

Mama yangu hukata sukuma nyembamba kama nywele huku akigombana na wateja watatu, na haangalii kisu. Sasa alikuwa anakata vipande kama vya kulisha mbuzi. Jioni moja nikamsikia jirani yetu Ruqiyo akimchokoza.

"Mama Luseno, hii ni sukuma ama ni mablanketi? Nifunike watoto nayo?"

Mama aliendelea kukata. Alikuwa amejikata kidole, na alikuwa bado hajagundua.

Niliruka nikamshika mkono.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka tu. Nikifunga macho, nalima."

"Ni ndoto."

"Ndoto huisha, Luseno."

Nikageuza kiganja chake ili nifunge kile kidole. Malengelenge. Mapya, mengine yamepasuka. Chini ya kucha, udongo mweusi. Nikainua macho. Kwenye kitambaa chake cha kichwa palikuwa na makapi.

Makapi ya ngano.

Na harufu ile...

"Huko unakolima," nikauliza polepole, "kukoje?"

"Kuna maji katikati. Ukuta siuoni, lakini nikienda naugonga." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nje kuna mtu. Anajenga. Amenipa mgongo. Namwita, namwita... hageuki."

Ilibidi nimwambie. Ya mzee, ya gemu, ya jina. Kitanda sikukitaja.

Mama aliweka kisu chini.

"Umepatia kitu jina langu? Mimi nikiwa hai?"

Kwetu mtoto hupewa jina la aliyelala kaburini. Jina la mtu anayepumua haliwekwi mahali pengine. Ukiliweka, unamwita mwenyewe ahamie huko. Hili sikufundishwa chuo. Nililijua tangu utotoni, na nikaliacha nyumbani na vitu vingine vya kizamani siku nilipopanda basi kwenda kusoma.

"Luseno," mama akasema, taratibu sana. "Nenda unitoe."

Nilikimbia. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati, jekundu, na wallahi kwa macho yangu lilikuwa na pembe nne.

Pembeni pa cyber hapakuwa na mtu. Kiti cha mzee kilikuwa kimelowa. Chini ya meza, alama za gumboots, za matope, zimeelekea ukutani. Hazikurudi.

"Unamtafuta yule mzee?" Nalianya aliuliza kutoka kaunta, kikombe cha chai mkononi. "Hatabiriki. Hata Kweyu alikuwa anamngoja hivyo hivyo."

Nikamgeukia. "Kweyu gani?"

"Wa mtaa wa Ziwani. Alisomea statistics. Alipata kazi na huyo mzee kabla yako. Siku hizi mamake humlisha na kijiko. Anakaa tu mlangoni, mikono inaenda hivi." Akaiga kwa mkono mmoja. Kutupa mbegu. Kuvuta. Kutupa mbegu. "Watu wanasema ni stress."

"Na hukuniambia?"

"Ungeskia? Si ulikuwa unalipwa?"

Nikakaa kwenye kile kiti kilicholowa. Nikafungua gemu.

MUHONJA alikuwa kazini. Wafanyakazi wa gemu wote hutembea wima kama sabuni ya bar. Huyu alikuwa anachechemea. Mguu wa kushoto. Mguu ambao boda boda ilimgonga mama pale Jogoo Road, mwaka nilipomaliza chuo.

Akaacha kupanda.

Akageuka.

Akasogea mpaka kwenye kioo, akainua ule uso wa mraba usio na mdomo, akanitazama.

Nikavunja kioo. Kikarudi. Nikavunja tena, nikachimba kutoka chini, nikang'oa reli. Kila tofali likarudi mahali pake. Nilikuwa nimejenga vizuri. Honours.

Chini ya screen maandishi yakajitokeza, herufi moja moja.

*Shamba halikai bila mtu.*

"Mtoe," nikaandika.

*Badilisha jina.*

Juu ya kichwa chake MUHONJA ikafutika. Pakabaki kijistari kinachowaka na kuzima... kinawaka, kinazima... kinangoja. Jina lolote la mtu ninayemjua. Nami najua nusu ya Mbotela. Nawajua mapastor wanaotuuzia maombi ya kazi. Namjua jamaa aliyechukua nafasi yangu ya kazi kwa county kwa sababu mjomba wake anakaa kwenye panel ya kuajiri. Jina lake lilikuwa kwenye ncha za vidole, naapa. Herufi ya kwanza niliibonyeza.

Lakini jamaa naye ana mama.

Nyuma yangu, chai ilikuwa imeacha kupulizwa.

"Luseno," Nalianya akanong'ona. "Tafadhali. Usiandike langu."

Nikafuta ile herufi. Nikaandika LUSENO.

Udongo ukanuka mpaka nikakohoa.

Mama alilala usiku huo hadi jua likachomoza, akaamka akiitisha chai kwa kelele. Amepona. Sukuma yake imerudi kuwa nyembamba, na Ruqiyo ametukanwa vizuri kwa yale mablanketi. Wateja wakiuliza kijana yuko wapi siku hizi, mama huwajibu bila kuinua macho.

"Alipata kazi."

Malipo bado huingia kila jioni. Mama hayagusi. Hunikalisha kwenye stuli, akachukua mswaki wa zamani na sabuni, akasugua kucha zangu. Maji hutoka meusi.

Naandika haya kwa simu, haraka, nikiwa macho. Sina muda mrefu. Nikifunga macho, nalima. Ngano inaiva, navuna, napanda. Chini ya miguu nakisikia kile kigari changu kikipita, krrr... krrr... hakichelewi. Nachoka mpaka natafuta pa kulala, halafu nakumbuka nani aliyeondoa kitanda.

Mzee sijamwona tena. Lakini tangu juzi, nje ya kioo, kuna mtu. Msichana nadhani, ana bahasha ya kaki kwapani, zile za kubebea vyeti. Anajenga chumba kingine kando ya changu. Maji katikati. Reli chini. Ameshaweka mfanyakazi, na jina bado hajaandika.

Namwita. Nagonga kioo mpaka mikono inatoka damu.

Hageuki.

Anajenga vizuri. Inaonekana amesoma.